Shangazi na Droo za Chini

Shangazi yangu hawezi kula kuku kama watu wengine. Akimaliza paja anauweka mfupa ukingoni mwa sahani, anaugeuza kwa kidole, anautazama kama anayesoma barua, kisha anatoa hukumu: "Huyu hakuwa amekomaa. Tumeuziwa mtoto." Mtaani wanamwita Mama Mifupa, na yeye anaitika bila kununa. Nimekaa naye tangu darasa la pili, kwa sababu baba yangu, ambaye ni kaka yake, anaendesha malori na nyumbani haonekani. Nilidhani namjua kuliko mtu yeyote. Ndiyo maana wiki mbili zile ziliniuma. Kumshuku mtu baki ni rahisi. Kumshuku mtu anayekusuka nywele ni kazi nyingine kabisa.

Shangazi ni mtunza ngozi katika jumba la makumbusho ya wanyama. Hakai kule mbele ambako simba aliyejazwa majani anakodoa macho ya kioo na watoto wa shule wanapanga foleni kumshika sharubu. Yeye yuko nyuma, stoo, mahali pasipo na dirisha. Kuna makabati ya chuma ishirini na manne, na kila kabati lina droo kumi. Ukivuta droo unakuta wanyama wadogo waliokaushwa, wamejazwa pamba, wamelala mstari mmoja mmoja kama wagonjwa wodini. Kila mmoja ana lebo ya karatasi iliyofungwa mguuni kwa uzi: alikamatwa wapi, lini, na nani, dume au jike, mkia una urefu gani.

Sheria ya kwanza aliyonifundisha Shangazi kule stoo ilihusu lebo hizo. "Lebo haitolewi. Hata kama aliyeandika alikuwa anaota. Unafunga nyingine juu yake, unaandika jina lako na tarehe."

Kuna komba mmoja ana lebo nne. Aliyemleta aliandika kwamba ni paka mdogo wa mwituni. Wa pili akaandika kindi. Wa tatu akaweka alama ya kuuliza. Wa nne akapata: komba, wa oda moja, yaani kundi moja, na nyani na sisi. "Amehamishwa ukoo mara tatu," Shangazi husema, "na mwenyewe hana habari, kafa zamani."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza uainishaji kabla sijaukuta darasani. Wenzangu walikuwa wanakariri himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi, spishi kama wimbo wa mchakamchaka. Mimi nilishamshika pimbi, nikaambiwa kwamba kiumbe huyu anayefanana na sungura aliyekatwa masikio ni ndugu wa tembo. Nilishaambiwa kwamba sange, yule mwenye pua ndefu kama mrija, anafanana na panya lakini panya si ndugu yake wa karibu. Naye ana undugu na tembo huyohuyo. "Sura inakudanganya mchana kweupe," Shangazi alisema. "Angalia meno. Angalia miguu. Uliza anazaaje na ananyonyeshaje. Ukimaliza hayo yote ndiyo uanze kusema."

Nyuma ya stoo kuna chumba kingine kidogo, ambacho mlango wake una mpira chini usiruhusu hata uzi kupita. Humo mna tangi la kioo lenye kifuniko kizito, na ndani yake mna mbawakawa, maelfu. Ni wadudu wadogo weusi, na mabuu yao yana nywele kama brashi ya viatu. Fuvu la mnyama likiwa bado na nyama linawekwa mle, na baada ya siku chache linatoka jeupe, halijakwaruzwa. Shangazi anawaita wafanyakazi wake. "Hawaombi likizo, hawachelewi, hawasengenyi."

Bosi, yaani mkuu wa makumbusho, hakuwapenda wafanyakazi hao hata kidogo. Ni mtu wa viatu visivyotoa sauti; unageuka, yupo. Niliwahi kumsikia akiwa mlangoni akimwambia Shangazi, "Buu moja likionekana nje ya chumba hiki, Mama, wewe na wao mnatoka pamoja." Sababu ninaielewa: mbawakawa hao hawabagui. Wakitoroka wakaingia kwenye droo, wanakula ngozi, manyoya na uzi wa lebo pia.

Yote haya nimeyasema ili mjue kilichopotea na kwa nini kilikuwa kikubwa.

Ilikuwa Jumatatu. Baada ya shule mimi hupitia makumbusho nikafanye kazi za nyumbani kwenye meza ya Shangazi. Getini kuna mlinzi tunayemwita Mzee Saini, kwa sababu hata paka akipita atamtafutia kalamu. Siku hiyo hakunitania. Alinisukumia daftari na kalamu.

"Shikamoo Mzee. Kuna nini?"

"Marahaba. Weka saini, uende. Leo hata mimi nimewekewa maswali."

Stoo walikuwa watatu: Shangazi, Bosi, na kijana mtafiti mwenye begi kubwa anayeitwa Daktari Popo, kwa sababu anasoma popo na hana mazungumzo mengine. Yeye ndiye aliyevuta droo asubuhi kutafuta popo wake akakuta pamba tupu. Wakaanza kuhesabu kabati zote. Walikosekana kumi na wawili: popo watano, sange watatu, kindi wawili, komba mmoja na pimbi mchanga mmoja.

"Wakaguzi wanakuja Ijumaa ya wiki ijayo," Bosi alisema taratibu. "Kila kitu kiwe kwenye droo yake siku hiyo. La sivyo, Mama, utaniandikia barua ya kuacha kazi mwenyewe, tusifikishane mbali. Funguo ni zako."

"Nimekusikia," alisema Shangazi.

Basi. Hakuapa, hakulia, hakuuliza ni nani. Miaka ishirini na sita ya kazi na anajibu kama mtu aliyeambiwa mvua itanyesha! Jambo la kwanza lililonikaa vibaya ni hilo.

Nikaamua kumtafuta mwizi mwenyewe. Mwalimu wetu wa Biolojia ana kitu anachokiita ngazi ya maswali. Ukitaka kumtambua mnyama usiyemjua, unauliza swali lenye majibu mawili tu. Ana uti wa mgongo au hana? Kama hana, unashuka ngazi hii. Kama anao, unashuka ile. Manyoya au magamba? Unaendelea hadi anabaki mmoja, na huyo ndiye. Niliona inatosha kabisa kwa wezi. Nikachora ngazi nyuma ya daftari la Hisabati, swali la kwanza: Ni mtu gani anaweza kufungua kabati?

Wakabaki watatu. Bosi ana funguo za akiba. Daktari Popo huazima za Shangazi. Na Shangazi.

Nilimwanza Daktari Popo, maana nilikuwa namtaka awe yeye. Siku ya pili nilikaa karibu na begi lake, nikajifanya nafuta kiatu.

"Unatafuta nini, binti?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Hakuna. Begi lako zito eh?"

"Lina vitabu. Unataka kulipekua? Lipekue. Shangazi yako alishalipekua jana."

Nikaacha kufuta kiatu. Halafu akasema jambo lililonikosesha raha: "Mwizi gani wa ajabu huyu. Kaacha kakakuona, ambaye kila mwizi wa wanyama anamtaka, kachukua kindi. Kindi! Wamejaa kwenye miti huko nje, wanatutukana."

Lilikuwa kweli. Nilijaribu kuwapanga waliopotea ili nione wana undugu gani. Popo ni oda yake, sange oda yake, kindi yuko na panya, komba yuko na sisi, pimbi yuko peke yake. Oda tano. Hawakuchukuliwa kwa ukoo wala kwa uzuri, na ukubwa nao haukunisaidia, kwa sababu walikuwapo wengi wadogo kuliko komba ambao hawakuguswa. Nilivuta droo ya popo nikaichungulia. Pembeni kabisa, kwenye kona, kulikuwa na kitu kama punje ya mchele iliyoota nywele, nyepesi, tupu ndani. Nikakitia kwenye kiberiti kitupu nikiwa na nia ya kumwonyesha mwalimu, nikaendelea kutafuta mtu.

Kisha nikaanza kusoma daftari la Mzee Saini. Wakati wa kuweka saini unaweza kugeuza kurasa mbili tatu ukijifanya kalamu haiandiki. Mzee huandika kila kitu: nani ametoka, saa ngapi, kabeba nini. Ijumaa kabla ya ile Jumatatu: Mama Mifupa, saa kumi na moja jioni, kikapu, hotpoti, nzito. Jumamosi, siku ambayo si ya kazi: Mama Mifupa, ameingia saa tatu, ametoka saa nne, kikapu, hotpoti, nzito.

Watu huenda kazini na hotpoti nzito wanarudi na nyepesi. Yeye aliirudisha nzito.

"Mzee," nikauliza, "hukufungua kuangalia?"

Akanitazama juu ya miwani. "Hotpoti ya mtu mzima? Mimi mlinzi, si mkwe wake. Na wewe acha kugeuza kurasa, umefika mpaka mwezi uliopita."

Nilirudi nyumbani siku hiyo nikiwa natembea polepole. Nyumba yetu ni vyumba viwili na jiko, na jikoni kuna friza la kulala, refu kama sanduku, tulilolinunua kwa mwenye duka aliyehama. Tangu Ijumaa ile lilikuwa na kufuli. Shangazi alisema limeharibika na hataki nilifungue likatoa harufu. Nilimwamini, kwa nini nisimwamini? Ila sasa niliweka kiganja ubavuni mwake. Lilikuwa linanguruma. Kwenye ukingo wa kifuniko baridi ilinipenya vidoleni.

Na nyama alikuwa ananunua kila siku, vipande viwili, anapika vyote.

"Shangazi," nilisema wakati wa chakula, "tumwite fundi atazame friza."

"Fundi wa nini?"

"Si limeharibika?"

Aliugeuza mfupa wake sahanini, mara moja, mara mbili. "Wiki hii kila mtu ni mpelelezi," akasema. "Kula, mwanangu. Mkono unaendeleaje?"

Mkono wangu wa kushoto niliuvunja kama miezi miwili nyuma kwenye mbio za kupokezana vijiti, na ulikuwa bado unaniuma nikibeba ndoo. Nilisema unaendelea vizuri. Nikajua amebadilisha mazungumzo, na yeye akajua kwamba nimejua. Tuliosha vyombo kama wapangaji wasiofahamiana.

Jumatano ya wiki ya pili nilimpelekea mwalimu kiberiti changu. Alikiweka chini ya kioo cha kukuzia, akanishusha ngazi yake. Uti wa mgongo? Hakuna. Miguu yenye viungo? Ndiyo. Mingapi? Sita. Basi ni mdudu. "Hili ni gamba la buu la mbawakawa," akasema. "Buu likikua linavua ngozi, linaacha hiki. Wanakula vitu vikavu: ngozi, manyoya, sufu. Umelitoa wapi?"

"Kazini kwa Shangazi. Wako wengi kule, ni wafanyakazi wake."

Nikalirudisha mfukoni. Mimi nilikuwa natafuta mwizi, na swali langu la kwanza lilikuwa limeshasema mwizi ni mtu. Mdudu hakuwa na nafasi kwenye ngazi yangu.

Mchana huohuo Bosi alinikuta kwenye meza ya Shangazi, yeye akiwa amekwenda kunawa. Aliweka pakiti ya biskuti mbele yangu.

"Unasoma kwa bidii. Shangazi yako ana bahati." Akainama kidogo. "Nyumbani hujaona kitu kigeni? Kifurushi? Sisemi umsaliti. Ukiniambia mapema naweza kumsaidia. Ukinyamaza mpaka Ijumaa sitaweza."

Zile biskuti zilikuwa za maziwa, ninazozipenda. Nikazitazama. Niliona kama ametumwa kwangu na mtu anayenijua vizuri, na nikajiuliza kama si yeye mwenyewe aliyechukua na sasa anatafuta wa kumbebesha.

"Sijaona kitu," nikasema.

"Haya." Akaondoka bila sauti. Biskuti akaziacha.

Alhamisi niliomba ruhusa shuleni, nikasema mkono unauma. Shangazi alikuwa kazini. Ufunguo wa kufuli niliupata ndani ya kopo la chumvi, mahali anapoficha kila kitu tangu nikiwa mdogo. Nikafungua friza.

Walikuwa mle. Kila mmoja amevikwa karatasi laini, akatiwa kwenye mfuko wa nailoni, mfuko ukafungwa kwa karatasi ya gundi pande zote, kisha ukatiwa kwenye mfuko wa pili. Juu ya kila mfuko kuna mwandiko wa Shangazi. Niliwahesabu mara mbili. Popo watano, sange watatu, kindi wawili, komba, pimbi. Yule komba alikuwa ndiye mwenye lebo nne. Niliziona kupitia nailoni, zimeganda.

Nilikaa sakafuni. Nililia kidogo, siyo sana, maana niliogopa kupoteza muda. Mwizi ni wetu, nikawaza. Lakini kesho hakuna atakayejua, nikiwarudisha mimi. Nina mkoba wa shule, Mzee Saini hapekui mkoba wa mtoto, funguo za kabati huning'inia nyuma ya mlango wa stoo Shangazi akiwepo. Nitawapanga kwenye droo zao, Ijumaa wakaguzi watawakuta, na mimi na Shangazi tutaishi na siri yetu kila mmoja upande wake. Nikatoa vitabu, nikawapanga kumi na wawili ndani ya mkoba, nikafunga zipu. Nilikuwa naushika mlango wa nje pale ulipofunguliwa toka upande wa pili.

Shangazi. Kikapu mkononi, aproni ya kazi bado kiunoni.

Alinitazama. Akatazama mkoba, ambao chini yake ulikuwa umeanza kutoka jasho.

"Umewafungua?"

"Shangazi, nilitaka tu..."

"Mifuko! Umeifungua mifuko?"

"Hapana!"

"Wametoka dakika ngapi?"

"Tano. Labda sita."

Alininyang'anya mkoba, akakimbia nao jikoni. Sijawahi kumwona akikimbia isipokuwa siku niliyovunjika mkono. Alimgusa kila mmoja kwa upande wa nyuma wa kiganja, akimweka kwenye friza. "Bado. Huyu bado. Huyu naye bado." Alipofunga kifuniko alikikalia juu, kana kwamba wangeweza kutoka wenyewe.

"Wewe ni mwizi?" nikamuuliza. Sikupanga kuuliza hivyo. Lilitoka lilivyo.

"Wewe unaonaje?"

"Naona umewachukua."

"Hilo ni kweli. Lakini hukuuliza nimewachukua kutoka wapi."

"Kutoka makabatini!"

"Droo gani?"

Nikawafikiria wote kumi na wawili, oda zao tano, na jinsi nilivyohangaika kuwatafutia undugu. Halafu nikaiona stoo kichwani mwangu. Droo ya popo ni ya chini kabisa. Ya sange ni ya chini. Kindi, chini. Komba na pimbi, chini, kabati linalofuata. Zote ziko upande mmoja, kwenye ukuta unaopakana na chumba cha mbawakawa.

Nikakitoa mfukoni kile kiberiti, nikalimwaga lile gamba kiganjani.

"Alaa," akasema Shangazi. "Kumbe unalo. Nililitafuta hilo nikadhani nimezeeka."

Hapo ndipo aliponieleza, akiwa amekaa juu ya friza, miguu inaning'inia kama mtoto. Siku moja, miezi miwili iliyopita, kifuniko cha tangi kilibaki wazi saa tatu nzima, na mlango pia. Alipofunga alidhani wote wamo. Wiki sita baadaye akaona vumbi chini ya droo ya popo, vumbi lenye nywele. Alizipekua droo zote mia mbili na arobaini. Waliokuwa wameguswa ni kumi na wawili tu. Hata begi la Daktari Popo alilipekua akitafuta mabuu. Dawa ya sumu inaharibu ngozi. Kinachoua mbawakawa pamoja na mayai yake ni baridi kali, siku kumi na nne bila kukatika. Friza la makumbusho limekufa mwaka mzima sasa, na barua ya kuomba lingine iko mezani kwa Bosi, chini ya barua nyingine.

"Kwa nini hukumwambia?"

"Nimwambie nini? Si ulimsikia mwenyewe, buu moja tu. Nikisema ukweli natoka. Nisiposema, natoka kwa jina la mwizi. Nilikuwa niwarudishe kimyakimya, asijue mtu. Nikakosea hesabu ya Daktari Popo. Sikujua atavuta droo ile Jumatatu."

"Basi kesho asubuhi warudishe. Wakaguzi wawakute."

Akacheka kwa pua. "Wa mwisho waliingia Jumamosi. Kesho ni siku ya kumi na tatu."

"Siku moja tu, Shangazi!"

"Yai likibaki hai siku moja, mwakani hakuna stoo." Alijifuta mikono kwenye aproni ingawa haikuwa na maji. "Nimekuja mapema leo kwa sababu hiyohiyo. Nilikuja kuwachukua. Nilishika kikapu, nikapanda njia nzima nikijiambia siku moja si kitu. Halafu nakukuta wewe na mkoba, nimekuwa mkali kama nyuki. Nikajisikia mjinga. Wewe nikukataze, mimi nifanye?"

Friza likanguruma. Sikuwa na uhakika kama ninamwamini, na nitasema ukweli: sehemu yangu bado ilikuwa inapima kila neno lake, inatafuta mahali pa kushikia. Nikauliza swali la mwisho.

"Kifuniko kiliachwa wazi kwa nini? Wewe hujawahi kuacha hata kopo la sukari wazi."

"Niliitwa," akasema. "Nikaenda."

Aliniangalia mkono, mara moja, akaangalia pembeni. Nikakumbuka aproni. Siku ile alifika uwanjani na aproni hiihii, anahema, kabla hata ya mwalimu wa zamu kupata bandeji.

Ijumaa niliamka nikamkuta ameshavaa. Hakubeba kikapu. Alibeba karatasi moja aliyoiandika pande zote mbili. Nilimsindikiza mpaka getini, na Mzee Saini akamuuliza kama kawaida, "Umebeba nini, Mama?"

"Makosa," akasema Shangazi. "Andika."

Mzee akaandika. Nililiona neno lenyewe kwenye daftari.

Yaliyosemwa ndani sikuyasikia. Najua tu kwamba saa sita mchana, nikiwa nimerudi nyumbani kwa sababu shuleni sikuelewa lolote, gari lilisimama nje. Wakashuka Shangazi, Bosi, Daktari Popo na mkaguzi mkuu, mama wa makamo mwenye nywele nyeupe na kalamu tatu kifuani. Wakajaa jikoni kwetu. Bosi alilitazama friza kama anayetazama jeneza la mtu anayemdai, akanitazama mimi pia, na nikajua anazikumbuka biskuti.

"Fungua," akasema.

Shangazi akaingiza ufunguo. Mkaguzi akamshika mkono kabla kifuniko hakijainuka.

"Siku ya ngapi leo?"

"Ya kumi na tatu."

"Wote?"

"Saba wametimiza leo. Watano wa mwisho, kesho."

"Ukifungua sasa tutaingiza joto." Akamgeukia Bosi. "Nitawaona kesho. Funga, Mama." Kisha akaongeza, kwa sauti ileile: "Na hiyo barua ya friza nitaomba niione leo."

Bosi aliangalia viatu vyake. Daktari Popo akasema, "Popo wangu wako na pilipili?" kwa maana juu ya friza kulikuwa na pilipili za kukaushwa, na hakuna aliyecheka ila mimi.

Shangazi hakufukuzwa. Alipewa barua ya onyo, ikawekwa kwenye faili lake, na funguo akanyang'anywa: sasa kabati linafunguliwa na watu wawili, daima, na mmoja wao ni Daktari Popo, ambaye anahesabu kwa sauti. Wafanyakazi wake wamehamishiwa kibanda nyuma ya uwanja. Mzee Saini sasa anafungua hotpoti za watu wazima. Na Bosi akinikuta hunisalimia vizuri mno, jambo ambalo bado linanitia wasiwasi.

Jumapili walipokuwa wameyeyuka ndani ya mifuko yao na kukauka, tuliwarudisha. Kabla ya kumlaza kila mmoja, Shangazi alimkatia lebo mpya akaifunga juu ya zile za zamani. Yule komba ikawa ya tano. Nikaisoma kabla wino haujakauka: *Ameguswa na mbawakawa. Kifuniko kiliachwa wazi na mtunza ngozi. Amegandishwa siku kumi na nne.* Chini yake jina lake lote na tarehe.

"Hujaandika sababu," nikamwambia. "Andika kwamba uliitwa. Andika mkono wangu. Watakaosoma watakuona mzembe."

"Mkono wako si sehemu ya komba," akasema. "Weka kidole hapa."

Nikaweka kidole juu ya uzi, naye akafunga fundo.